Mahali Gasper Alipofunga Amplifaya

Vijana wa karakana, tangu nilipokabidhi ovaroli na funguo mwezi uliopita mmekuwa mkinifuata hadi nyumbani, mkitaka niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nimekubali kwa sharti moja: sitazungumzia vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vikaenda, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitazungumzia buti la gari na mahali pa kufunga amplifaya ndani yake, kwa sababu jambo hilo limenikaa rohoni kuliko mengine yote niliyofanya. Na nitamtaja Gasper. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kwa nini Gasper akitajwa mimi huanza kutafuta bisibisi ambayo haijapotea. Jibu ni wivu. Basi nimeshaliandika, tuendelee.

Nilianza kazi ya kufunga redio za magari, Moshi, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Nilikuja na cheti cha shule ya ufundi ndani ya bahasha ya kaki, na shati jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Msimamizi wa karakana alikuwa Mzee Mfinanga, Mpare wa Usangi, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nikamwamkia shikamoo, nikampa bahasha. Akaipokea, akaiweka juu ya benchi bila kuifungua, kisha akaniambia niingie ndani ya buti la gari la saluni lililokuwa uani.

Nilidhani amenituma kutafuta kitu. Kumbe alitaka niingie mwili mzima. Akafunga kifuniko, akamwambia dereva apande nami kuelekea Old Moshi kisha ateremke. Barabara ya siku zile mnaijua kwa kuhadithiwa tu. Nilipotolewa nilikuwa nimekunjamana, shati limekuwa la rangi ya vumbi, na sikio moja linavuma. Mzee Mfinanga hakunipa pole. Aliniuliza nimegonga kichwa wapi, nimegonga goti wapi, vumbi lilinijia kutoka upande gani, na ni wapi nilipohisi joto. Nilipomjibu akasema hapo nilipogonga kichwa, amplifaya nayo ingegonga kichwa. Ndiyo somo lake la kwanza. Mimi nililiona ni dharau kwa mtu mwenye cheti, na kwa wiki nzima nilimsalimia kwa sauti ndogo.

Gasper alikuja miaka mitatu baadaye. Alikuwa Mkatoliki wa Kilema, hana cheti, hana bahasha, alikuwa akipakia magunia ya kahawa na mtu fulani akasema ana mikono mizuri. Nikasubiri kwa hamu aambiwe aingie kwenye buti. Akaingia akicheka. Aliporudi, uso wote vumbi, akajibu maswali yote ya mzee, halafu akaomba azungushwe tena, safari hii alale kwa upande mwingine. Mzee Mfinanga akavua kofia yake akajikuna kichwa. Sikuwahi kumwona akivua ile kofia kwa ajili yangu. Hapo ndipo wivu uliponiingia, na sikuweza kuutoa.

Kisha akabuni jambo lake la buni. Ikija gari ya kufungwa amplifaya, Gasper hakuwa na haraka ya kushika keekee atoboe. Alichukua kiganja cha buni kavu, zile punje za kahawa, akazitawanya kwenye sakafu ya buti, akazipanga nyingine kwenye kingo na nyuma ya kiti, akamwambia mwenye gari aende shughuli zake arudi kesho. Kesho yake angefungua buti na kuinama pale kama mtu anayesoma barua. Buni zilikokusanyika, hapo mizigo itakimbilia. Zilikobaki zimetulia, hapo panafaa. Zikiwa na vumbi, hewa inapita hapo. Zikiwa zimeloa, mpira wa kifuniko umechoka na mvua inaingia. Alisema buni ni bora kuliko mtu, maana hazipati kizunguzungu.

Wenye magari wakaanza kumwulizia. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na cheti changu, mteja ananipita, anauliza, "Yule wa buni yupo?" Namjibu hayupo, ilhali yuko nyuma anakunywa chai. Naam, nilifanya hivyo, zaidi ya mara moja.

Msidhani mimi sikujua kazi. Waya zangu zilinyooka. Waya wa ethi nilifunga kwenye bati la gari lililosuguliwa kwa msasa mpaka likang'aa, ndiyo maana redio zangu hazikuwa na ule mlio wa nyuki injini inapopandishwa. Fyuzi niliweka karibu na betri, si mbali kama wavivu. Lakini palikuwa na siku niliyotoboa sakafu ya buti nikasikia harufu ya petroli, kwa kuwa nilisahau kwamba kwenye gari lile tangi limekaa chini yake. Tundu halikufika kwenye tangi, lilibakiza unene wa kucha. Gasper ndiye aliyekuwa ameshika taa. Hakumwambia mtu, na mimi badala ya kushukuru nilikasirika kwamba sasa ananidai siri.

Mzee Mfinanga alipostaafu akarudi Usangi, tulibaki wawili tunaotazamana. Meneja wetu alikuwa mtu wa karatasi, hakujua bisibisi inashikwa upande gani, ila alikuwa mwema. Kwa miaka yote hiyo, jambo moja tu la cheo nitalitaja, maana bila hilo hamtaelewa: ilikuja nafasi moja ya kwenda kusoma Ujerumani mwaka mzima. Nafasi moja, mafundi wakuu wawili. Na meneja alitamka mbele ya wote kwamba anamfikiria Gasper.

Wakati huohuo wilaya ilikuwa na gari la matangazo, saluni ya kijivu yenye spika mbili juu ya paa kama masikio ya punda. Ilizunguka kutangaza kisomo cha watu wazima, chanjo, na siku za kupeleka kahawa. Amplifaya yake aliifunga Gasper. Aliisimamisha wima nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma, juu kabisa, kwenye ubao wa mringaringa, akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na bati ili hewa ipite, na chini ya kila skrubu akaweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Pembeni mwa amplifaya alikwangua herufi G, kama ilivyokuwa desturi yetu, kila fundi na alama yake. Ilikuwa kazi safi. Niliitazama mara nyingi nikitafuta kosa.

Na nikalipata, au nilidhani nimelipata. Kitabu changu cha shule kilikuwa na picha ya amplifaya imelazwa sakafuni mwa buti, mbavu zake za kupozea zikitazama juu, maana joto hupanda. Picha ile haikuwa na kitu kingine kwenye buti isipokuwa mwavuli. Nilimwonyesha Gasper. Akaitazama kwa adabu, akaniita kwa heshima ya Kichagga, akauliza, "Mbe Eliakimu, huyu mtu haendi kusalimia ndugu zake?" Nikafunga kitabu. Sikulielewa lile swali, nililisikia kama kejeli tu.

Basi ikapangwa sherehe ya kufungua bomba la maji huko Kilema, kijijini kwao Gasper. Mgeni wa heshima alikuwa anatoka mkoani. Gari la matangazo ndilo lingebeba sauti yake. Gasper akapanda siku moja kabla, kuchimbia nguzo na kutandaza waya za spika za nyongeza, na mimi nikaachiwa gari nilikague na kulipandisha asubuhi pamoja na dereva. Nilipobaki peke yangu na lile buti, nikaihamisha amplifaya. Niliifungua kutoka mgongoni mwa kiti, nikailaza sakafuni kama kitabu kilivyotaka, nikakaza skrubu nne kwa nguvu zangu zote, nikihakikisha kwanza kwamba chini hakuna tangi. Nikaijaribu. Ilisema vizuri sana.

Nataka mnielewe hapa, maana uongo wa mzee hauna maana. Sikutaka iharibike. Nilitaka ilie kuliko siku zote, watu wa Kilema washangae, kisha nimwambie meneja taratibu, kana kwamba si kitu, kwamba ile sauti ni yangu. Nilitaka kumshinda Gasper kwao, mbele ya mama yake. Mama yake alinipikia mtori mara nyingi, alikuwa akiniuliza hali ya ng'ombe wa mama yangu kwa majina yao, na bado hilo nililitaka.

Asubuhi tukapanda. Wengi wenu ni watu wa huku, mnajua hakuna gari linalopanda mlimani likafika tupu. Dereva alikuwa na shangazi njiani. Tukasimama kusalimia tu. Shangazi akatupa mkungu wa ndizi, akatupa maziwa kwenye kibuyu, na kwa kuwa alisikia kuna mgeni mkubwa, akatoa dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyokuwa bado inachachuka, limezibwa kwa gunzi la mahindi. Kukataa ni tusi. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nililipokea dumu nikasema aika, yaani asante, nikafungua buti. Likiwa limesimama halikuenea, kwa sababu sakafu ilikuwa na amplifaya. Nikalilaza juu yake, nikalibana kwa mkungu wa ndizi lisitembee. Nilijiona fundi.

Kufika Kilema uwanja umejaa. Kwaya imeshasimama, wazee wamevaa makoti, mama yake Gasper yuko mstari wa mbele na khanga mpya, anawaonyesha jirani zake mtoto wake juu ya ngazi anafunga spika. Mgeni akasimama, akashika maikrofoni, akasema "Ndugu wananchi," na neno lililofuata halikutoka. Spika zikakoroma, zikatoa harufu, zikanyamaza. Akapiga maikrofoni kwa kidole. Akajaribu kupaza sauti, lakini alikuwa na koo la ofisini, na walioko nyuma wakaanza kuulizana anasema nini. Watoto wakacheka. Hotuba nzima wakaisikia watu wa viti tu.

Sote tukalikimbilia buti. Lilipofunguliwa, povu la mbege lilikuwa limetapakaa kila mahali, gunzi limeruka, na amplifaya imelala chini inachuruzika. Meneja akaja nyuma yetu, jasho linamtoka. Akainama akaona ile herufi G. Akauliza nani aliifunga hii.

Gasper alitazama ubao mtupu mgongoni mwa kiti. Akatazama skrubu za sakafuni, zilivyokazwa mpaka vichwa vikachubuka. Mafundi wote walijua ni nani anayekaza hivyo. Akanitazama mimi, si kwa muda mrefu.

"Mimi," akasema.

Nami nilinyamaza. Ningeweza kusema nilikuwa nimeduwaa, lakini nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata wakati meneja alipoandika jina langu kwa ajili ya Ujerumani. Mama yake Gasper aliinuka. Alikunja khanga yake vizuri, akaingia jikoni kuwapakulia wageni chakula, na sahani yangu aliijaza kuliko za wengine, akisema nimechoka na safari.

Nikaenda Ujerumani. Nitawaambia jambo moja tu la huko. Mabuti yao yana zulia, na kweli nilikuta mwavuli. Mwezi wa tatu mwalimu akatupeleka kwenye gari, akasema leo tunajifunza mahali pa kufunga amplifaya. Akaishika, akaisimamisha wima nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma, juu, akaacha nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite, akaweka mpira chini ya kila skrubu. Wenzangu wakaandika. Mimi niliirudisha kalamu mfukoni. Nilikuwa nimevuka bahari na jangwa kwenda kufundishwa alichokifanya Gasper kwa kiganja cha buni, na nafasi ya kufundishwa ilikuwa ni yake.

Niliporudi wakaniambia niwafundishe wengine. Nikachora ubaoni kiti, ubao, vidole viwili, mpira. Nikasema Wajerumani ndivyo wanavyofanya. Gasper alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu pale nyuma. Hakucheka, hakunyoosha mkono. Alitoa penseli sikioni akachora ile picha kwenye daftari lake, polepole, mstari kwa mstari. Mwisho wa mwezi akaaga, akaenda Sanya Juu akajenga banda lake mwenyewe.

Mngedhani wivu ungeondoka pamoja naye. Haukuondoka hata kidogo. Wakati mpaka wa Kenya ulipofungwa na vipuri vikawa havipatikani, mimi nilikuwa nasubiri transista ofisini kwa barua, yeye alikuwa nazo, zimepitia Tarakea, msiniulize zilivuka vipi. Wateja wa mjini walinipita karakana wakapanda Sanya Juu na magari yao. Hayo yote ningeyameza. Kilichoniuma zaidi ni ule moyo wake. Nilijiambia, tazama, mtu huyu alinisitiri mbele ya umati, hajanitamkia neno, hajanisema kwa mtu. Hata kusamehe amenizidi. Nilimwonea wivu msamaha wake mwenyewe, yaani msamaha alionipa mimi. Mtu akifika hapo, vijana, hana dawa.

Nilipostaafu nikasema sitazeeka na kitu hiki. Nikaenda kwenye uzio wa kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba, Machame, nikakata mmea wa sale, kichwa chake pamoja na kipande cha shina, nikaifunga fundo kama baba alivyonifundisha. Waliotoka mikoa mingine nawaambia: kwetu ukimkosea mtu ukampelekea jani hilo, hawezi kukukatalia, hata kama ulimchomea nyumba. Nikaliweka kwenye buti la kigari changu, nikaenda Sanya Juu.

Nilimkuta amelala chini ya pikapu, miguu inaonekana. Nikamwita. Akatoka, amekuwa na mvi, akaona nilichoshika akaacha kufuta mikono. Nikasimulia yote, skrubu, kitabu, dumu, Ujerumani. Nikamwambia kwamba miaka yote nimeuonea wivu moyo wake mwema, wa kunisitiri vile.

"Moyo gani?" akasema. "Ningesema nini siku ile? Wewe ulikuwa na cheti, mimi nilikuwa na buni. Nani angeniamini? Ningekutaja wangesema fundi wa magunia ameharibu kazi na sasa anamsingizia msomi. Mama yangu alikufa anaamini nilimwaibisha kwa uzembe."

Nikamwuliza kama basi hajawahi kunisamehe.

"Hata siku moja," akasema. Akanyoosha mkono. "Lete jani. Halikataliwi, nalipokea. Nimekusamehe kwa sababu ya jani, Eliakimu. Bila jani nisingekusamehe."

Akalichukua, akazunguka mbele ya banda, akachimba kwa bisibisi kitundu kidogo kando ya mlango, akalichomeka kwa upande wa shina. Ardhi pale ni kavu, inatoa vumbi hata ukiigusa kwa kidole. Akasema likishika mizizi na moyo wake labda utafuata. Lakini akanionya kwamba maji huku ni ya shida, na yeye hatalimwagilia. Kisha akarudi chini ya pikapu lake.

Niliteremka nikiwa na aibu kubwa, lakini na kitu kingine pia. Kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu. Alikuwa ameshika kinyongo miaka yote hiyo, kama mimi nilivyoshika changu, na mtu wa namna hiyo naweza kukaa naye benchi moja.

Tangu hapo kila siku ya soko napanda Sanya Juu na dumu la maji kwenye buti. Nalisimamisha wima nyuma ya mgongo wa kiti, nalifunga kwa kamba, na kifuniko chake ni cha kukaza, si gunzi. Mara tatu za kwanza nilimwagilia sale nikaondoka, yeye akiwa chini ya magari ya watu, na miguu yake haikusogea. Juma lililopita alitoka. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigari changu, akafungua buti, akalitazama dumu na kamba, akatia mkono mfukoni akatoa buni nne, akaziweka sakafuni kando ya dumu. Akaniambia niende nazo nyumbani nirudi nazo vilevile, nisiziguse.

Nilipofika Machame nikafungua. Zote nne zilikuwa zimekimbilia kona ya kushoto. Maana yake kamba yangu imelegea upande huo, na dumu linayumba. Nimefunga kamba kwa maisha yangu yote ya kazi, na yeye aliliona kwa kutazama tu. Nikasimama pale uani na lile buti wazi, wivu ukanipanda upya kuanzia magotini, nikaikaza kamba.